Motokaa Iliyokuja Kimyakimya

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Mbeyu alipanda ulingoni kulinda mahindi ya baba yake. Alikuwa na kombeo na mawe ya kufukuzia nyani, na sauti kali iliyofika hadi upande wa pili wa shamba. Nyani walimjua. Wengi walikaa mbali, kwenye ukingo wa msitu, wakimtazama.

Lakini Mbeyu alikuwa na kazi nyingine pia, ambayo mgeni hakuambiwa. Alisikiliza kama motokaa inakuja.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vikuu vya kwanza. Kijiji chao kilikuwa bara kidogo kutoka Malindi, kando ya njia ya kwenda Jilore, na motokaa iliyopita huko ilikuwa moja tu. Mwenyewe alikuwa Bwana Chandrakant, mfanyabiashara wa mjini aliyenunua mahindi na ufuta na kuuza nguo na chumvi. Magurudumu ya motokaa hiyo yalikuwa ya mbao, yamezungushiwa mpira mgumu usio na upepo ndani. Yalipopita juu ya mawe, gari zima lilitetemeka na kugongagonga, na kelele zake zikasikika mapema sana, kabla gari halijafika kwenye kona ya mikanju, ile mikorosho mikubwa.

Kelele hizo ziliwafaa watu. Mwaka uliotangulia, mtu aliyekuwa akitafuta vibarua wa mashamba makubwa ya mbali alikuja ndani ya motokaa hiyohiyo, ameketi kando ya Chandrakant. Vijana wawili walichukuliwa siku ile. Mmoja wao, mtoto wa shangazi yake Mbeyu, hakuwa amerudi, wala hakuna aliyejua yuko wapi. Tangu hapo, Mbeyu akisikia magurudumu alipiga mluzi. Vijana wa kijiji, pamoja na kaka yake Kazungu, waliingia msituni na kukaa huko mpaka ijulikane ni nani aliyekuja.

Siku moja Mbeyu hakusikia chochote. Upepo ulikuwa ukivuma katika mahindi. Alipogeuka kuokota jiwe, akaona motokaa imekwisha kusimama uwanjani kwao. Kazungu alikuwa kibarazani akisuka kamba, na hakuwa na pa kukimbilia.

Mbeyu alishuka ulingoni mbio. Alimkuta Chandrakant akiomba maji ya kutia ndani ya mashine, na mama yake Mbeyu, Kache, akimchotea bila kusema mengi. Magurudumu yalikuwa mapya. Yalikuwa manene, meusi, na yalikanyaga mchanga taratibu kama nyayo za paka. Chandrakant aliinama akayabonyeza kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha akatazama huku na huku, akauliza vijana wengine wa kijiji wako wapi siku hizi.

Kache akamjibu kuwa wamekwenda shambani.

Jambo lililomtia Mbeyu hofu zaidi lilikuwa kiti cha nyuma. Kulikuwa na mtu amelala pale, amefunikwa shuka kutoka kichwani hadi miguuni. Hakutoa salamu, wala hakuitikia Mbeyu alipomwamkia. Lakini shuka ilisogea. Mbeyu aliiona kwa macho yake.

Motokaa ilipoondoka, majirani walikusanyika. Kila mmoja alikuwa na la kusema. Huyu amebadilisha magurudumu ili atunyemelee, mmoja alisema. Mwingine akauliza kwa nini mtu mwema amfunike mwenzake shuka mchana kweupe. Baba yake Mbeyu, Nzai, alisema labda ingefaa wamuulize mwenyewe. Wakamcheka. Nani amemwona chui akiulizwa anakwenda wapi?

Jioni hiyo Kazungu alichukua mkeka wake akahamia msituni. Mbeyu alimpelekea sima na mboga kila siku, akizunguka njia ndefu ili nyayo zake zisifuatwe. Mvua ikanyesha. Kazungu akaanza kukohoa, na mwili wake ukawa wa moto. Alikataa kurudi nyumbani. Kila Mbeyu alipomwona anatetemeka chini ya kibanda cha majani, aliyachukia yale magurudumu meusi kuliko kitu chochote.

Motokaa ilipita tena kimyakimya, ikielekea ng'ambo ya kijito, na ikarudi jioni. Mtu wa shuka alikuwa bado yumo. Safari hii Mbeyu alifanya shauri lake mwenyewe. Alikata matawi ya mgunga yenye miba mirefu, akayapeleka kwenye kona ya mikanju, akayalaza katika njia ya magurudumu na kuyafunika kwa majani makavu. Hakumwambia mama yake, wala Kazungu.

Siku iliyofuata alijificha nyuma ya mkanju akangoja.

Motokaa ilikuja polepole. Ilipofika penye majani, palisikika mlio kama wa nyoka aliyekasirika. Gurudumu la mbele likanywea, gari likayumba, likatoka njiani na kuinamia mtaroni. Mbeyu alitaka kufurahi. Badala yake alisikia kilio cha mtu mzee, kilio chembamba cha maumivu kilichomfanya asahau kujificha.

Chandrakant alikuwa ameruka chini, akivuta mlango wa nyuma. Shuka ilikuwa imeanguka. Aliyekuwa ndani alikuwa mwanamke mzee, mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye godoro lake, na mguu wake mmoja, uliofungwa vipande vya mbao, ulikuwa umebanwa chini ya kiti. Chandrakant alijaribu kumwinua akashindwa. Alipomwona Mbeyu hakumuuliza anafanya nini pale.

"Mwanangu, nitafutie mtu mwenye nguvu," alisema. "Huyu ni mama yangu. Peke yangu nitamuumiza."

Mbeyu alisimama. Wanaume wa kijiji walikuwa mashamba ya mbali. Mtu mwenye nguvu aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, na akimwita, maficho yake yatajulikana. Je, kama huyu mzee ni mtego tu? Alimtazama yule bibi. Bibi alikuwa ameuma upindo wa nguo yake ili asilie tena. Mbeyu akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi wa kumwita kaka yake.

Kazungu alitokea kati ya miti, macho yake yamewiva kwa homa, panga mkononi. Alimtazama Chandrakant, kisha akamtazama bibi. Aliliweka panga chini. Wakamwinua bibi pamoja, kila mmoja upande wake, naye Mbeyu akaushika ule mguu usiyumbe. Walimbeba juu ya godoro lake hadi nyumbani, Kache akampokea na kumlaza kivulini.

Nzai alipoitwa kutoka shambani, alimkuta Chandrakant amerudi kutoka kwenye motokaa na tawi la mgunga mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Miti ya mgunga haioti njiani," alisema. "Matawi haya yamekatwa kwa panga na kufunikwa. Nami nimemwona mtu mmoja tu akitoka msituni na panga." Alimgeukia Kazungu. "Nimekushukuru mapema mno. Kesho nitalifikisha jambo hili Malindi, kwa wakubwa."

Kazungu alikana, lakini alikana kwa sauti ya mtu mgonjwa, nayo ilisikika kama sauti ya mwenye hatia. Majirani walikuwa wameanza kufika. Mbeyu alimtazama kaka yake. Hata Kazungu mwenyewe hakujua ni nani aliyeyakata matawi yale. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angemshuku msichana wa umri wake.

"Si yeye," Mbeyu alisema. "Ni mimi. Niliyakata jana, nikayaweka mwenyewe. Nilidhani umebadilisha magurudumu ili uje kumchukua kaka yangu tusisikie."

Chandrakant alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ndipo Nzai akaleta kiti chake, akakaa mbele yake, akamuuliza yale ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiulizana kwa siri: kwa nini ulibadilisha magurudumu, nani alikuwa chini ya shuka, na vijana ulikuwa unawatakia nini?

Chandrakant alieleza bila haraka. Mama yake, Chanchalben, alianguka ngazini akavunjika mguu. Wenye kujua walimwambia ampeleke kwa mzee Kavumbi, mganga wa mifupa aliyekaa ng'ambo ya kijito. Lakini safari ya kwanza, kwa magurudumu ya zamani, ilimtikisa mgonjwa hata mfupa uliokuwa umepangwa ukahama tena, na bibi akarudi mjini amezimia kwa maumivu. Ndipo alipoagiza kutoka Mombasa magurudumu yanayojazwa upepo kwa pampu. Akayafungua yale magumu, akafunga haya, na mama yake akaweza hata kusinzia njiani. Shuka ilikuwa ya kumkinga na vumbi. Vijana aliwauliza kwa sababu gari lilikuwa likikwama kwenye mchanga wa kijito, akataka watu wa kulisukuma.

"Na yule mtu wa mwaka jana?" Nzai aliuliza.

Chandrakant aliinamisha kichwa. Alisema mtu yule alimsimamisha njiani, naye akaogopa kumkatalia. Alijua baadaye kilichotokea, akaona aibu, na kwa aibu hiyo hakuwahi kukaa akazungumza na watu wa kijiji hiki. Alikuja, alinunua, aliondoka.

Hapo ndipo bibi Chanchalben aliposema kwa mara ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitafuta neno kwa neno. Alisema siku ile walipoomba maji alimsikia msichana akimwamkia, lakini uchungu ulikuwa umemjaa kinywani hata akashindwa kuitikia. "Marahaba, mtoto," alisema sasa. Akanyoosha mkono.

Mbeyu aliupokea huku machozi yakimtiririka.

Nzai na Chandrakant walipatana kabla jua halijashuka. Chandrakant hatakwenda Malindi kushtaki. Hatambeba tena mtu wa kuchukua vibarua, hata akisimamishwa, na akikaribia kona ya mikanju atapiga honi mara nyingi ili watu wajue ni yeye. Mbeyu ataziondoa nyasi na miba kando ya njia mpaka mguu wa bibi upone. Kazungu, ambaye sasa alilala ndani ya nyumba, alikunywa dawa ya mama yake na kupata usingizi mzito. Wanaume waliisukuma motokaa ikatoka mtaroni. Mbeyu akamshikia Chandrakant pampu alipokuwa akiziba matundu, akaona jinsi mpira ulionywea ulivyoinuka kidogo kidogo na kulibeba gari.

Motokaa ilipoondoka na bibi, na mama na mwana wakabaki peke yao jikoni, Mbeyu alingoja mama yake amkaripie. Kache alichochea moto kwanza.

"Sitakuambia usishuku," alisema hatimaye. "Tuliumizwa, na aliyeumizwa hufumbua macho. Shaka ni kama mbwa wa kulinda boma. Mwache abweke, ndiyo kazi yake. Lakini wewe mwenye mbwa toka nje, uulize nani amekuja, kabla hujamfungulia aume. Leo ulimfungulia, akamuuma mgonjwa, na nusura amuume kaka yako. Kilichomrudisha mbwa huyo ni ulimi wako uliosema kweli. Hapo nimejivunia kuwa mama yako."

Kisha akampa bakuli la uji, akamwambia ampelekee Kazungu. Mbeyu akasimama mlangoni kidogo, akafuta uso wake kwa leso, akaingia chumbani kwa kaka yake.