Mihuri Saba Juu ya Hariri

Zama zile merikebu za Wachina zilipokuwa zikitia nanga pwani yetu, mji wa Kitundani ulitawaliwa na Fumo Kheri, na jemadari wake alikuwa nduguye kwa baba, Mwinyi Ngwame. Ngwame alijaaliwa: joho la tarizi, jambia la mpini wa pembe, mke mcheshi. Alichokosa ni picha ya ndege.

Picha yenyewe ilichorwa juu ya hariri ndefu ya kuviringisha, korongo wawili wamesimama kwenye matete. Nahodha wa Kichina alimtunuku Fumo Kheri kwa kuwauguza mabaharia wake. Pembeni mwake mlikuwa na alama sita nyekundu.

"Kila aliyeimiliki amegonga muhuri wake," nahodha alieleza. "Ndiyo desturi yetu. Nawe gonga wako."

Fumo Kheri akachovya pete yake yenye jina lake katika rangi nyekundu ya nahodha, akagonga muhuri wa saba. Nahodha akatweka, akaondoka na rangi yake.

Tangu hapo watu walimiminika kila Ijumaa kuitazama picha, na Ngwame akaumia kwa wivu.

"Baba yetu ni mmoja," alimwambia mkewe, Mwana Shali, "mbona heshima yote iwe yake?"

"Bwana wangu, hao korongo hata yeye hawamtazami."

Kwa utani huo alimnunia siku tatu.

Mwishowe akavuka kwenda bara, akarudi na wapiga mishale mia tatu, akauzingira mji. Siku ya arubaini visima vikakauka. Akatuma neno kwamba apewe picha, ama watu wafe kwa kiu. Fumo Kheri akapanda ukutani, kilemba kimemlegea.

"Ndugu yangu, unatuua kwa ajili ya kitambaa?"

"Basi nipe hicho kitambaa."

Akampa. Na kwa kuwa hakuweza kumwamini tena, akamwachia na mji, akahamia ugenini na watu wa nyumba yake.

Ngwame akaitundika picha ukumbini, akaketi chini yake kupokea sifa. Mgeni wa kwanza akasogeza pua kwenye hariri, akasema kwa upole, "Kumbe pete ya Fumo Kheri ndiyo hii." Wa pili vivyo hivyo. Ngwame alitamani kugonga yake, lakini rangi ile hakuwa nayo mtu pwani nzima. Ndipo akamwita Bi Hidaya, fundi wa kufua hariri.

"Zitoe alama zote saba. Sitaki mwenye picha mwingine ila mimi."

"Mwinyi, doa naliweza. Hili si doa. Na hao ndege nao ni rangi tu."

"Fua, mama."

Bi Hidaya akafua kwa ndimu na chumvi, kama afuavyo doa la damu, Ngwame amemsimamia. Maji yakageuka kijivu katika bakuli la shaba.

Hariri ilipoanikwa, korongo hawakuwapo, wala matete. Mihuri ilikuwa palepale, myekundu kama ilivyogongwa, na wa chini kabisa ulisomeka bila taabu: Kheri. Ngwame alikaa mbele yake mpaka ikakauka.

Watu wa Kitundani walikitunza kitambaa kile vizazi vingi. Wenyewe saba wamo wote. Jina la aliyeuzingira mji kwa ajili yake halimo.