Nusu Nyingine ya Gazeti

Mtaa mzima ulimwita Mama Karanga. Jina hilo alilipenda kwa sababu alilitolea jasho. Kila asubuhi aliwasha jiko la mkaa nje ya mlango wake akakaanga karanga kwenye sufuria pana. Nyingine alizitia chumvi akaziuza kwenye kibanda chake. Nyingine alizisaga kwa mashine ya mkono, zikawa siagi laini ya kupaka kwenye mkate.

Mumewe alikuwa fundi uashi, lakini mgongo ulimstaafisha mapema. Sasa kazi yake ilikuwa kukata magazeti. Aliyapata kwa kinyozi yakishasomwa na kila kichwa kilichonyolewa. Aliketi na mkasi wake, kila ukurasa akaukata katikati. Kisha aliyasokota yakawa vifuko vya kutilia karanga.

"Umeona kuna picha ya mtu hapo?" Mama Karanga alimwuliza siku moja. "Umemkata shingo!"

"Mkasi hauna macho," mzee alijibu, akaendelea kukata.

Mama Karanga mwenyewe alijua kusoma tangu mwaka jana tu. Alijifunza kwenye darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki. Tangu hapo hakupita penye herufi akazisamehe. Alisoma pakiti ya chumvi. Alisoma vibao vya maduka. Alisoma kila kifuko kabla ya kukitia karanga, midomo ikicheza taratibu.

"Mke wangu, wewe utasoma hadi mikunjo ya shuka," mumewe alimtania.

Basi wiki ile mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Bati la jikoni lilivuja juu ya gunia la karanga, na hawakujua. Siku ya nne Mama Karanga alipofungua gunia lake jipya, alipigwa na harufu. Aliingiza mkono ndani. Karanga zilikuwa na joto na unyevu. Nyingi zilikuwa na ukungu wa kijani na wa manjano.

"Mungu wangu! Gunia zima!"

Mumewe akaja akichechemea. Akatazama. Akakuna kichwa.

"Tutazianika," alisema.

"Zinanuka, mzee. Si tuzitupe?"

"Utupe gunia zima? Na mwalimu wa chekechea anasubiri siagi yake wiki ijayo?"

Hapo ndipo moyo wa Mama Karanga ulipogawanyika. Chekechea ya mtaani ilikuwa imempa kazi kwa mara ya kwanza. Watoto arobaini, siagi ya karanga kwenye mkate kila siku saa nne. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kazi hiyo aliiomba kwa miezi. Leo aende kumwambia mwalimu kwamba hana kitu?

Akazianika karanga bila kuamua. Zikakauka, lakini ukungu ulibaki. Alizitazama siku mbili, roho haimpi kuzitupa, roho haimpi kuzitumia. Siku ya tatu akaokota kifuko kwenye rundo la mumewe, akaanza kukisoma kama kawaida yake. Palikuwa na picha ya mwanamke mwenye miwani na koti jeupe. Chini ya picha pameandikwa: Profesa wa chuo kikuu, mtaalamu wa vyakula. Mama Karanga akasoma polepole, neno kwa neno:

"Ukizikaanga karanga zenye ukungu kwa moto mkali, sumu yote inakwisha. Unaweza kuzila bila wasiwasi."

Akasoma tena. Akapiga kigelegele hadi mumewe akaangusha mkasi.

"Mzee! Imeandikwa! Profesa kasema! Wa chuo kikuu!"

Mfa maji hushika chochote, na Mama Karanga alishika kipande kile cha gazeti kwa mikono miwili. Alikibandika ukutani kibandani. Kisha akachochea moto. Zilizoonekana nzima alizitenga akazikaanga kwa ajili ya vifuko. Zenye ukungu alizikaanga hadi zikawa za kahawia, akazisaga. Kwenye siagi, nani ataona ukungu? Mzee alilamba mwiko, akasema ni tamu.

Kesho yake, saa moja asubuhi, ndoo ya siagi ilifika chekechea. Mwalimu alishukuru. Mama Karanga alirudi kibandani akitembea kama bibi harusi.

Ilipofika saa tatu na nusu, alipita jirani yao, dereva wa chuo kikuu. Yeye na mzee walikuwa marafiki wa zamani, kwa hiyo Mama Karanga alimwita shemeji. Alikuwa na gari la chuo, na kila asubuhi alisimama kununua kifuko kimoja.

"Shemeji, leo unakimbilia wapi umevaa shati la pasi?" Mama Karanga aliuliza.

"Nampeleka profesa redioni. Kipindi kinaanza saa tano." Akatia karanga mdomoni. Akakunjua kifuko chake kidogo, kwa maana na yeye alizoea kukisoma. "Hili ndilo gazeti langu la bure."

Akasoma. Akaacha kutafuna.

"Ala! Huyu si profesa ninayemfuata sasa hivi? Jina lake hili hapa mwishoni. Haya ni maneno yake, yalitoka wiki iliyopita."

"Namjua!" Mama Karanga akasema kwa fahari. "Nami nimemsoma. Yule anayesema ukikaanga karanga zenye ukungu sumu inakwisha."

Dereva akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Amesema wapi hayo?"

"Si hayo hapo ukutani? Soma mwenyewe, shemeji. Au unadhani bado mimi ni mjinga wa herufi?"

Dereva alisogea ukutani. Alisoma kipande kile hadi mwisho, pale karatasi ilipokatwa. Kisha akamimina karanga zake mkononi, akakinyoosha kifuko chake, akakiweka chini ya kile cha ukutani. Kingo mbili zikakutana sawasawa. Hata mstari wa mkasi uliopinda kidogo ulilingana.

"Njoo usome, shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Soma yote sasa."

Mama Karanga akasoma kwa sauti. Alianzia juu: "Unaweza kuzila bila wasiwasi." Akashuka kwenye kipande cha pili: "Hayo ndiyo ninayoambiwa kila ninapokwenda sokoni, alisema profesa. Na si kweli hata kidogo. Moto hupunguza sumu hiyo, lakini hauimalizi. Karanga zenye ukungu zisiliwe na mtu wala mnyama. Sumu yake huharibu ini, na watoto..."

Hapo aliishia. Hakuweza kulitamka neno lililofuata. Akashika nguzo ya kibanda.

"Mama yangu! Watoto! Shemeji, watoto!"

"Watoto gani?"

"Siagi! Nimepeleka chekechea! Wanakula saa nne!"

Dereva akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Kisha akatazama karanga zilizobaki mkononi mwake.

"Na hizi nilizokula mimi?"

"Hizo nilichagua zilizo nzuri."

"Kutoka gunia gani?"

"Hilohilo."

Dereva akatema mate mara tatu, akamwaga karanga zote, akavichukua vipande vyote viwili vya gazeti, akafungua mlango wa gari. "Panda! Panda upesi!"

Njiani Mama Karanga alilia bila kujificha. "Nimemwamini mtu wa chuo kikuu! Nimesoma kwa macho yangu!"

"Hukukosea kumwamini," dereva alisema, mikono ikikamata usukani. "Mimi nawapeleka hawa watu redioni na kwenye televisheni mwaka wa sita huu. Mwandishi akitaka kujua jambo, anapiga simu ofisi ya habari ya chuo. Ofisi inamtafuta aliyesomea jambo hilohilo. Aliyesomea nyota hatumwi kuzungumzia karanga. Kosa ni kwamba ulimsikiliza nusu."

"Ningejuaje kuwa ni nusu?"

"Sentensi ilipofikia ukingo wa karatasi, ungejiuliza: baada ya hapa alisema nini? Halafu ile ofisi ina namba ya simu. Si ya waandishi peke yao. Hata wewe unaweza kuuliza."

Macho ya Mama Karanga yalikuwa kwenye saa ya gari.

Walifika saa nne kasoro dakika tano. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mikeka, mikono imeshaoshwa. Mwalimu alikuwa amepaka siagi vipande vyote arobaini, vimepangwa kwenye sinia. Mjukuu wa Mama Karanga, mwenye haraka zake, alikuwa ameshachukua cha kwake na kukifikisha mdomoni.

"Usile!"

Sauti ile ilitoka tumboni. Watoto wote waliganda. Mama Karanga aliruka mikeka, akampokonya mjukuu wake mkate, akamfungua mdomo kwa kidole. Mtoto alikuwa hajauma. Akaanza kulia kwa mshtuko, na bibi yake akalia zaidi yake.

"Bibi kaninyang'anya chakula!" mtoto alilalamika.

"Ndiyo, nimekunyang'anya. Mshukuru Mungu."

Mama Karanga angeweza kusema uongo. Angesema imeingia mchanga, mambo yakaisha. Lakini alimtazama mwalimu usoni, akamweleza yote: bati, gunia, gazeti. Mwalimu alikaa chini kwenye kiti cha mtoto.

"Kama mngechelewa dakika tano..." alisema, asimalize.

Walibeba ndoo na mikate yote. Kisha dereva akaenda kumchukua profesa, kwa sababu kipindi hakimngoji mtu. Profesa alitoka kwenye maabara yake na miwani ileile ya gazetini. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye picha.

"Shikamoo, mama," alisema alipomkuta Mama Karanga kwenye gari, macho mekundu, amekumbatia ndoo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekaribia kuua watoto kwa maneno yako."

Profesa alishtuka hata akaacha mlango wazi. Dereva akampa vile vipande viwili vya gazeti. Profesa alisoma cha juu. Akageuka rangi.

"Lo! Nilianza na uongo wa watu ndipo nikautaja ukweli," alisema. "Mkasi ukapita katikati."

"Mwiko wa siagi mume wangu aliulamba jana," Mama Karanga akasema. "Atakufa?"

"Kulamba mara moja si kama kula kila siku. Hatari kubwa ni kuila mara kwa mara, au kwa wingi, hasa watoto. Ini huumia na mtoto hakui vizuri. Lakini akitapika au akiumwa tumbo, aende hospitali leo."

"Na gunia lililobaki? Nikiosha?"

"Usioshe, usikaange, usiwape kuku. Lizike, mama. Na gunia jipya liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Kabla ya kukaanga, mwaga karanga kwenye ungo, toa zote zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Moja ikikutia shaka, itupe." Akavitazama vipande vya gazeti mkononi mwake. "Na gazeti usifungie chakula. Wino wake si wa kuliwa."

"Kumbe hata mzee na mkasi wake wamefukuzwa kazi!"

Dereva alicheka, naye Mama Karanga akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Saa tano profesa alikuwa hewani. Mama Karanga na dereva walisikiliza garini, nje ya studio.

"Karanga zenye ukungu ni sumu, hata zikikaangwa," profesa alianza, kabla hata hajasalimia. "Nasema hilo kwanza, kwa sababu leo mama mmoja amenifundisha namna ya kusema. Alipogundua hatari, alikimbia kuwaokoa watoto arobaini, akakiri mbele ya mwalimu. Wangapi wangethubutu?"

Mama Karanga alijifunika uso kwa upande wa kanga.

Jioni ile mzee, ambaye hakuumwa, alichimba shimo refu, wakalizika gunia pamoja na siagi, mikate na karanga zote za kibandani. Bati likazibwa. Mwalimu alisubiri wiki tatu, akaja mwenyewe kuona mbao, ungo na karanga safi, ndipo akamrudishia kazi. Siku ya kwanza Mama Karanga alikaa kwenye mkeka na watoto, akala mkate wa kwanza mbele yao. Mjukuu wake alimchungulia kabla ya kuuma.

"Bibi, huu hutaninyang'anya?"

"Huo kula, mwanangu. Huo nimeuchagua punje kwa punje."

Karanga sasa zinafungwa kwa karatasi nyeupe. Vipande viwili vya gazeti viko ukutani kibandani, vimeunganishwa kwa gundi, na kila mteja huviona. Majuzi mtu mmoja aliyekuwa na haraka alinyoosha mkono avibandue ili afungie karanga za mtoto wake. Mzee alimshika mkono kabla mkewe hajasema neno.

"Hilo halikatwi tena," alisema. "Lisome kwanza. Mpaka chini."