Harusi ya Kujaribia

Siku ya soko, watu wa Kamembe hugongana mabega bila kuombana radhi. Honorine Ntabaza alisukumwa na mwanamke mwenye furushi la mitumba, akajikuta ndani ya duka ambalo hakukusudia kuingia. Lakini kwa kuwa kitu alichokitafuta, mashine ya DVD, kilipangwa mbele yake rafuni, hakutoka.

Alivaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe, kimepigwa pasi hadi kikasimama. Alikuwa mchuuzi wa vitenge, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Bukavu. Vita vya 2004 vilimvusha daraja la Ruzizi, kutoka Kongo hadi upande wa Rwanda, na sasa mwaka wa pili hajarudi kuishi ng'ambo. Juzi alikuwa amenunua televisheni mpya kabla ya kununua kochi, na majirani walimsema sana. Hawakujua kwamba moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, hasikii furaha wala huzuni, na kwamba alichotaka ni sauti za watu ndani ya nyumba, basi.

"Bonjour, maman. Unatafuta nini?" aliuliza Swalehe Byiringiro, mwenye duka, mwanamume mrefu wa kofia nyeupe na shati lililokosa kifungo kimoja.

"DVD ya televizyo yangu mupya."

"Iko na matundu gani kule nyuma?"

"Matundu? Mi naangaliaka mbele."

Swalehe alicheka, lakini kwa midomo tu. "Mbele banaangaliaka bote. Kisha banabeba DVD ya bei kali, banafika nyumbani, haiingie. Enda uangalie, unipigie."

Alasiri simu ya Swalehe ililia.

"Papa Swalehe? Iko tundu moja tu. Refu, pana. Banaume bale baliniuzisha televizyo bamenidanganya?"

"Haiko zile tatu za rangi? Nyekundu, nyeupe, manjano?"

"Hapana."

"Habakukudanganya. Hiyo ni peritel, tundu ya Bafaransa, inatakaka waya yake. DVD zangu zote ziko za rangi tatu. Usinunue kwa mwingine, ntakutafutia."

Kutafuta kulichukua wiki mbili. Habari za waya ziliisha siku ya pili, simu hazikuisha. Swalehe alibipu, Honorine akapiga. Honorine alibipu, Swalehe akapiga.

"Umekula nini, sheri?"

"Bugali na tusamaki twa sambaza. Na nani alikuambia mi ni sheri yako?"

"Hakuna. Nilijaribu tu kuona kama utakata simu."

Hakukata. Alicheka, akashangaa kusikia anacheka. Je, alimpenda? Alidhani huenda kupenda kunaanzia hapo, ila hakuwa na uhakika.

DVD ilipopatikana, Honorine alikwenda dukani kwa kitenge cha manjano na lipstiki, kitu ambacho hakuwa amepaka tangu vita. Swalehe aliunga waya kwenye televisheni ya duka, akatia diski ya kujaribia. Ikatokea harusi. Bwana harusi mwenye kanzu, mashavu yamejaa, anacheka kwa meno yote, alikuwa Swalehe mwenyewe.

"Angalia rangi," alisema huku akipangusa vumbi kwenye kaunta. "Mikono ya bibi iko na hina. Ikitoka nyeusi, DVD ni mubaya."

"Ule ni bibi yako?"

"Ndiyo."

"Na bateja banamuonaka hapa kila siku?"

"Njo diski moja tu safi niko nayo."

Honorine alifunga mkoba wake. "Baislamu munaoaka babili, najua. Lakini mwingine angemuficha wa kwanza. Wewe unaniwekea ku televizyo!"

Swalehe alifungua kinywa. Neno alilopaswa kusema hakuwa amelitamka kwa miaka miwili, nalo likakataa kutoka. Honorine akaondoka bila DVD.

Wiki nzima alipiga, Honorine hakupokea. Mwishowe ni Mukeshimana, jirani yake wa sokoni, aliyemfumbua macho.

"Umwali, bibi ya Swalehe? Si alikufa! Alivuka kuuza sabuni Bukavu, ile wiki ya mapigano. Ile harusi, Kamembe nzima tunaijua. Anajaribishaka nayo DVD zote."

Wiki ile ile ndiyo iliyomuua mama yake Honorine. Honorine alifunika vitenge vyake mchana kweupe, akaenda dukani.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

"Na kila siku unaiweka mbele ya batu. Haikuumi?"

"Haiumi. Mwanzo niliiweka ili niumie, nilie kama batu bengine. Hakuna kitu kilikuya. Nikabaki naangalia rangi." Aliinua macho. "Lakini siku ulienda bila DVD, iliuma. Usiku sikulala. Honorine, nilifurahi juu iliuma."

Honorine alikaa juu ya kiti cha wateja. "Mi nilikukasirikia sana. Tangu mama afe, sikukasirikiaka mutu."

Swalehe alifunga duka, akabeba DVD mwenyewe mpaka kwa Honorine. Aliinama nyuma ya televisheni, waya ukaingia barabara, kioo kikawaka bluu tupu.

"Leta diski."

"Diski gani?"

"Haukununua hata moja?"

"Sikufikiria iyo," alisema Honorine, na safari hii Swalehe alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilipokwisha alibaki pale pale chini, kofia mkononi.

"Nikuoe?"

Honorine alitazama ile bluu. Alitaka kusema ndiyo, na aliogopa kumpa mtu mzuri moyo wenye ganzi.

"Sijui. Mi bado sisikii vizuri. Uniulize tena siku nitalia."

"Na kama haukulia?"



"Uniulize vile vile."