Siku Grupu Lilipofungwa

Kofi halikumpata aliyekusudiwa. Lilimpata Gaudensia.

Ilikuwa asubuhi, nje ya stesheni ya Tabora. Treni ya kutoka Dar ilikuwa imeshusha watu na mabegi yao, na vijana wa bodaboda wakawavamia abiria bila hata salamu. Gaudensia alivaa gauni la kitenge cha zambarau, nywele amezisuka twende kilioni, begi la kompyuta begani. Mmoja akashika begi: "Dada, twende!" Mwingine akashika mkono: "Huyu wangu, nimemwona kwanza!" Wakavutana, wakatukanana, wakarushiana ngumi, na yeye yuko katikati yao. Kofi likamtua shavuni, hereni ikaruka vumbini.

"Nani kampiga dada wa watu?" sauti nzito ikauliza.

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, jaketi la ngozi limechunika viwikoni. Hakungoja jibu. Alimkamata mpigaji ukosi, akambamiza kwenye tangi la pikipiki yake mwenyewe. Damu ikamtoka yule puani.

"Na wewe pia unapiga?" Gaudensia aling'aka, mkono shavuni.

"Sasa dada, nimekutetea, badala ya asante..."

"Asante ya nini? Mimi shavu linawaka, mwenzio anavuja damu. Kwani wewe ni nani hapa?"

"Mwenyekiti wa bodaboda."

"Mwenyekiti! Makubwa haya."

Kijana akapiga magoti kwenye vumbi, akapapasa katikati ya miguu ya watu mpaka akaipata hereni. Akaifuta kwenye suruali yake, akampa kwa mikono miwili.

"Samahani, dada. Naitwa Emilian, kwetu Igalula."

"Gaudensia. Kazi yangu ni kufundisha viongozi kuongea na watu wao bila kupigana."

Emilian akamtazama aliyevuja damu, akamtazama tena yeye, akacheka kwa aibu. "Basi mwalimu, umechelewa kufika. Panda nikupeleke."

Gaudensia akapanda. Shavu lilikuwa bado linamuuma, lakini alikuwa anatabasamu nyuma ya mgongo wa mtu, na alijua kwamba anatabasamu.

Alikuwa amerudi nyumbani kuendesha semina za vijana kule Isikizya. Emilian akawa anampeleka asubuhi na kumrudisha jioni, na njiani maneno hayakauki. Yeye anamwita "Mwenyekiti", kijana anamwita "Mwalimu". Jioni wakiachana, haujapita muda, simu inaita.

"Mwalimu, umefika salama?"

"Si wewe mwenyewe uliyeniacha mlangoni?"

"Nauliza kama umefika mpaka ndani."

"Nimefika mpaka kitandani, mpenzi. Na viatu nimevua. Kuna swali lingine?"

"Lipo, ila si la kwenye simu."

Kilichowasumbua ni grupu. Madereva wa mji mzima walikuwa kwenye grupu moja la simu, mamia ya watu, na humo ndani ni matusi, picha za ovyo, mpira na umbea. Mmoja akitukanwa kwa voisi usiku, asubuhi anamtafuta mwenzake na bisibisi. Siku dereva mmoja alipochomwa kisu cha paja kwa sababu ya voisi, Emilian alikuja kwa Gaudensia na damu ya majeruhi kwenye jaketi.

"Nimeshindwa, Gaude. Hawanisikii."

"Lifunge grupu."

"Nalifungaje?"

"Lete simu hiyo." Gaudensia akabonyeza mwenyewe, kwa kidole chake chenye rangi ya hina. "Kuanzia leo anayeandika humu ni wewe peke yako. Kiongozi anasema mara moja, kwa ufupi, watu wanatekeleza. Ukibembeleza, wanakupanda kichwani."

"Na wao wakiwa na la kusema?"

"Watakufuata."

"Na wewe ukinipigia wakati nipo kwenye jambo la kazi?"

"Simu ya mapenzi unaiweka kimya. Kiongozi hachanganyi."

"Hata yako?"

"Hasa yangu," alisema, akamfinya sikio la kulia. Emilian akaiweka namba ya Gaudensia kimya palepale, ili kumfurahisha.

Na kweli bwana, visu vilikoma. Mji ukatulia hata watu wazima wakamsifu mwenyekiti. Gaudensia akawa anausimulia ushindi ule semina kwa semina, kifua mbele. Lakini kuna jambo moja hakulijua, maana hakuwahi kukaa kijiweni kutwa nzima. Pale stesheni walikuwa na desturi yao. Ukiwa na dharura na pikipiki yako ni mbovu, unachukua ya mwenzako. Ufunguo hutundikwa kwenye msumari kibandani. Sharti ni moja tu: utangaze kwenye grupu kwamba umeazima ya fulani. Ukitangaza, umeazima. Usipotangaza, umeiba.

Ijumaa moja mchana Gaudensia alipigiwa simu na jirani wa kijijini kwao, njia ya Ulyankulu. Mama yake kaanguka shambani, haongei. Akampigia Sixbert, mdogo wake, aliyekuwa na siku chache tu tangu aingie udereva pale stesheni.

"Sixbert, mayu kaanguka! Nenda ukamlete sasa hivi!"

"Dada, pikipiki yangu iko kwa fundi."

"Chukua yoyote! Unaniuliza mimi habari za fundi, mama anakufa?"

Kijiweni hapakuwa na mtu. Wengine walikuwa wamebeba abiria, wengine wameenda kuswali Ijumaa. Pikipiki ya Hilali ilikuwepo, nyekundu, kiti cheupe. Sixbert akachukua ufunguo msumarini, akafungua grupu atangaze. Simu ikamjibu kwamba wanaoruhusiwa kutuma ujumbe ni maadmini tu. Akampigia Hilali; simu imezimwa, mwenyewe yuko msikitini. Akampigia mwenyekiti, namba inatumika. Akasema liwalo na liwe, akawasha.

Hilali alitoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akakuta msumari mtupu. Akalifungua grupu kuona nani kaazima. Kimya. Akamkimbilia Emilian, analia kabisa, maana pikipiki ile ndiyo ilikuwa inamlisha yeye na bibi yake Saleha. Muuza maji akasema ameiona ikikata njia ya Ulyankulu mbio. Emilian akaandika mara moja, kwa ufupi, kama alivyofundishwa:

"Pikipiki ya Hilali imeibwa. Nyekundu, kiti cheupe. Imeelekea Ulyankulu. Mwizi akamatwe, asiachiwe."

Gaudensia aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama katikati ya darasa. Alikuwemo grupuni kama mwalimu, lakini uadmini alikuwa ameukataa mwenyewe, ili mwenyekiti asionekane anaongozwa na mwanamke. Yote yakamjia akilini kwa mpigo: nyekundu, njia ya Ulyankulu, chukua yoyote. Akaandika, "NI MDOGO WANGU MSIMGUSE", akabonyeza. Simu ikamwambia vilevile ilivyomwambia Sixbert. Akampigia Emilian. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, analia mbele ya wanafunzi wake.

"Pokea, Emilian. Pokea, baba, nakuomba."

Simu ilikuwa mfukoni mwa jaketi, kimya, kama alivyoagiza.

Akavua viatu, akakimbilia barabarani, akapanda bodaboda ya kwanza. "Njia ya Ulyankulu, kaka yangu, ua injini kama ni kuua!"

Aliwakuta kwenye uwanja wa gulio, mbele ya ghala la tumbaku. Walikuwa madereva wa vijiwe vya pembeni, wasiomjua Sixbert hata kwa sura. Walikuwa wamemwangusha kwa kumvutia kamba barabarani. Mguu umepinda pasipopindika. Mmoja anampiga kwa mnyororo wa pikipiki, mwingine anamkanyaga mkono ili asijikinge. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa damu, na alikuwa akisema neno moja tu, "Nimeazima, nimeazima," na kila akilisema wanamtandika mdomoni. Mwanamume mmoja alikuwa anafungua chupa ya petroli kwa meno.

Gaudensia aliingia kwa kucha. Alimrarua usoni mwenye chupa. Akapigwa kiwiko cha kifua, akaanguka, akatambaa, akamng'ata mtu kisigino. Petroli ikawamwagikia yeye na mdogo wake. Harufu ikamkaba koo.

Hapo ndipo Emilian na Hilali walipofika. Emilian aliliona gauni la zambarau kwanza, halafu akamwona mwizi wake ni nani.

"Acheni! Mimi mwenyekiti nasema acheni!"

"Mwenyekiti gani?" mwenye mnyororo alimfokea. "Mwenyekiti amesema asiachiwe. Soma!" Akamwonyesha simu.

"Niliyeandika ni mimi!"

"Toka hapa, mtetea wezi!"

Hawakuwa wanamjua uso, na sauti yake hawakuwahi kuisikia. Walichokijua ni maandishi. Emilian akatupa ngumi ya kwanza, ya pili, akavunja meno ya mtu. Lakini walikuwa wengi. Kiberiti kilipotolewa, akaacha kupigana, akajilaza juu ya Sixbert na Gaudensia, akawafunika kwa mwili wake. Nondo ikamshukia upande wa kulia wa kichwa. Gaudensia alisikia mfupa ukilia, na damu ya moto ikamtiririkia shingoni.

"Ni yangu!" Hilali alikuwa anapiga kelele huku akilikumbatia gurudumu, kanzu nyekundu kwa damu. "Pikipiki ni yangu, mimi ndiye Hilali! Huyu nafanya naye kazi! Mtamchoma mtu wa watu!"

Mwenye kiberiti akasita. Akaitazama kanzu, akakitupa kiberiti mtaroni. Mmoja mmoja wakaanza kurudi nyuma, halafu wakakimbia.

Mama alipona, jirani alimleta kwa mkokoteni wa punda mpaka barabarani, na hospitali wakasema ni presha. Sixbert ndiye aliyelazwa, mguu umefungwa vyuma, jicho la kushoto halipo tena. Polisi waliwakamata wachache. Emilian naye alifungwa bandeji kichwa kizima, na daktari akamwambia wazi kwamba sikio la kulia limekufa.

Mjomba Ezekia alifika kutoka kijijini na fimbo ya mpingo.

"Shikamoo, mjomba," Gaudensia alisema.

"Marahaba. Yuko wapi huyo mwenyekiti?"

Emilian alikuwa uani mwa hospitali, anafua shuka za Sixbert. Mzee hakumsalimu. Alimcharaza fimbo ya mgongo, ya bega, ya mgongo tena, mpaka bandeji ikalowa upya. Kijana alisimama tu, povu la sabuni mikononi.

"Nani alikupa akili ya kuwafunga watu midomo? Sema!"

Gaudensia alikuwa mlangoni. Emilian alimtazama mara moja, halafu akatazama chini.

"Ni mimi mwenyewe, mzee."

Mjomba alipoondoka, Gaudensia alimsogelea. Badala ya kusema lililokuwa linamchoma, alisema lililokuwa jepesi: "Usinipigie simu tena. Umemtoa mdogo wangu jicho kwa kidole chako."

"Sawa, Gaudensia," alijibu, akaendelea kufua. Hakumwita Mwalimu.

Jamani, kuna watu wana roho! Angeweza kumjibu kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani. Hakusema. Hakupiga simu wala kutuma voisi. Alikuwa akija wodini Gaudensia asipokuwepo, anamwogesha Sixbert na kuondoka. Na kila Gaudensia alipoambiwa hivyo na mdogo wake, alizidi kujichukia. Alimpenda mtu yule hata chakula hakishuki, na alijua kwamba asiposema ukweli atamkosa maisha.

Sixbert alipoanza kutembelea magongo, Emilian aliwaita madereva wote wa mji kwenye uwanja wa nyuma ya stesheni. Hakuandika ujumbe. Alizunguka kijiwe kwa kijiwe kuwaita kwa mdomo. Walikuja wengi, wengine wamelewa hasira, maana wenzao walikuwa ndani.

"Mnaniona?" Emilian alisema, amepanda juu ya jiwe. "Mwenyekiti ndiye mimi. Niliandika mtu akamatwe bila kuuliza, na niliwanyima njia ya kuniuliza. Grupu nimelifungua. Uongozi naurudisha kwenu."

"Wenzetu wako mahabusu kwa ajili yako!" mtu akapaza sauti, na jiwe likaruka. Likampasua Emilian juu ya jicho. Jingine likampata kifuani. "Nani alikushauri ujinga huo?"

"Akili yangu," Emilian alisema, anafuta damu kwa mkono wa jaketi.

"Mwongo!"

Aliyesema hivyo ni Gaudensia. Alipita katikati ya wanaume, gauni lile lile la zambarau, lililofuliwa lakini harufu ya petroli haikutoka. Akapanda kwenye jiwe, akasimama ubavuni kwa Emilian.

"Anadanganya. Niliyelifunga ni mimi, kwa kidole hiki. Nilimwambia kiongozi ni wa kusema, si wa kusikia. Nilimwambia asipokee hata simu yangu. Nilimtuma mdogo wangu achukue pikipiki yoyote. Halafu nikanyamaza, huyu akachapwa fimbo yangu. Mwenye jiwe lingine alete kwangu."

Kijana mmoja wa mbele aliinua mkono na jiwe. Sixbert akalisukuma gongo lake mbele ya kifua cha kijana yule, jicho moja limemkodolea. "Jaribu," alisema. Kijana akaliachia jiwe chini. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kwa ukali, kwa muda mrefu, na hakuna aliyewanyamazisha. Gaudensia na Emilian walisimama wakasikiliza mpaka wa mwisho alipomaliza.

Uwanja ulipobaki mtupu, waliketi juu ya reli ya zamani. Gaudensia akasema kitu kwa sauti ndogo. Emilian hakugeuka.

"Emilian! Nakuongelesha."

"Huo ndio upande uliokufa. Zunguka huku."

Akainuka, akazunguka, akaketi kushoto kwake, karibu mpaka magoti yakagusana. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Nimesema nisamehe."

"Hilo nimelisikia ulipowaambia watu wote. Ila mdomo wako unasema lipo la pili."

"La pili nalo unalitaka?"

"Nalitaka sana."

Akamwinamia sikio zima. "Nimesema, ukija kwa mjomba Ezekia kuposa, usitume ujumbe. Njoo mwenyewe. Na vaa jaketi, ile fimbo bado anayo."

Emilian akacheka mpaka kidonda cha juu ya jicho kikafunguka tena, na Gaudensia akakikandamiza kwa upindo wa gauni lake.