Askari wa Mama Dorotea

Kila siku akitoka shule, Dorotea aliteka maji ziwani na kufagia ua, ndipo akaenda kuruka kamba na wenzake wa Igogo. Siku moja mama yake, Bernadeta, alimtuma kwanza hospitalini. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na asubuhi alikuwa amepimwa damu. Majibu yalikuwa kwa dresa Josephat, msaidizi wa daktari mwenye darubini.

"Shikamoo, bwana dresa."

"Marahaba. Mwambie mama askari wake wameongezeka sana. Lakini..."

Dorotea alikwisha fika barabarani. Kamba ilikuwa inamngoja.

Nyumbani alimkuta mama anachambua choroko, na mjomba Ngosha anashona wavu.

"Mama, amesema askari wako wameongezeka sana."

"Askari wangu mimi?"

"Wanakuja lini?" akauliza mjomba, sindano imemkwama mkononi.

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na mtungi wa moshi, ile pombe kali iliyokatazwa na Serikali. Mjomba aliupika kwa siri akasema ni dawa ya ng'ombe. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Mjomba akaumwaga wote nyuma ya nyumba. Bata wawili wakaja wakanywa, wakaanza kutembea kinyumenyume. Mama naye akafunga kanga zake kwenye furushi.

"Nakwenda kwa dada, Sengerema."

"Kwa mtumbwi, na tumbo hilo?" mjomba akauliza.

"Mtungi wako, kitanda changu. Unadhani watakamata mtungi?"

Ufukweni mawimbi yalikuwa makubwa. Mama alitia mguu mmoja mtumbwini, akajishika kiuno. Dorotea akamvuta kanga.

"Mama, usipande. Bwana dresa alisema 'lakini', mimi nikaondoka."

"Lakini nini?"

"Sijui. Nilikimbilia kamba."

"Basi kimbilia hospitali."

Alirudi amekaa nyuma ya baiskeli ya Josephat.

"Mama Dorotea," Josephat akasema akihema, "hao askari wamo ndani ya damu yako. Ni chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Mwenye mimba huwa nazo nyingi, na siku ya kujifungua huzidi. Baadaye hupungua zenyewe. Huna homa, usiogope. Lakini miguu hiyo lazima niipime kesho. Ungeipeleka wapi?"

"Hawana bunduki?" akauliza mjomba, amekumbatia mtungi mtupu aliokuja kuutupa.

"Hawana hata kofia."

Mjomba akauchungulia mtungi. "Dawa yangu ya ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?" mama akauliza. "Usinifiche kitu chini ya kitanda changu tena. Na wewe Dorotea, nusura nizame kwa neno uliloacha mlangoni. Ukitumwa, ngoja mtu afunge mdomo, ndipo ufunge mbio."

Mwezi uliofuata Josephat alimwita Dorotea. "Kamwambie mjomba, mama amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima."

Dorotea hakuondoka.

"Lakini?" akauliza.

"Hakuna lakini. Kimbia."