Mguu wa Kulia

Jumamosi saa sita mchana, ghorofa ya chini ya jengo la vifaa vya umeme hapapitiki. Huyu anajaribu spika, yule anabishana juu ya chaja, na katikati ya zogo lile akaingia mwanamke wa gauni la manjano na viatu vya chini, amekumbatia boksi kubwa kifuani. Alipita hivyo hivyo, samahani huku, nipishe kule, mpaka kibanda cha mwisho, alikoketi fundi mmoja mrefu akichomelea waya wa redio. Wenzake walimwita Mpole, maana tangu afungue kibanda kile hajawahi kumpandishia mteja sauti.

"Fundi, vitu hivi unavifahamu?" aliuliza, akafungua boksi.

Mpole alichungulia. Mlikuwa na pedeli mbili pana za chuma juu ya kitako kimoja, na mpini mweusi wenye vitufe kila upande.

"Naona pedeli," alisema polepole. "Cherehani yenyewe iko wapi?"

"Wewe ni wa tatu leo kuniuliza cherehani."

"Basi nisamehe, dada. Nifundishe."

Kwa kuwa ndiye fundi wa kwanza siku ile kukubali kufundishwa, mwanamke akavuta stuli akaketi. Alikuwa mfamasia, duka lake la dawa lilikuwa mtaa wa pili, na kwa mwaka wa pili sasa alikuwa akisomea urubani siku zake za mapumziko. Alitaka kufanya mazoezi nyumbani, kwenye programu ya kompyuta inayoigiza ndege. Mpini ule aliuita jostiki, wa kuinua na kulaza ndege. Pedeli zile ni za kugeuza mkia. Ameunganisha kila kitu mwenyewe, lakini akikanyaga ya kushoto, injini inanguruma.

"Na ya kulia?"

"Injini inazimika. Shangazi yangu anasema ndege hii imerogwa."

Mpole akacheka. Jirani yake wa kibanda aliinua kichwa kuhakikisha kama ni yeye kweli.

"Nitakuja kesho mchana," alisema. "Jumapili huwa nafunga."

Muongo mkubwa. Alikuwa hafungi Jumapili hata moja, na kesho yake wateja sita walikuta kufuli.

Sebuleni kwa mfamasia, meza ya kulia chakula ilikuwa imegeuzwa kiwanja cha ndege. Skrini juu, pedeli chini ya meza, na nyuma yake, kwenye sofa, shangazi ameketi na mkoba mapajani, miwani machoni.

"Leo tunakwenda wapi?" shangazi aliuliza.

"Leo hatuendi popote, shangazi. Fundi anatengeneza."

"Basi nitasubiri humu humu ndani ya ndege."

Mpole alipiga magoti chini ya meza, akainuka, akafungua ukurasa wa mipangilio. Tatizo halikuwa dogo. Kompyuta ilizichukua pedeli ikazipa kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Jostiki nayo, ukiizungusha kulia au kushoto, ilipewa kazi ya mkia. Alipohamishia pedeli kwenye mkia, ndege ikaanza kutingisha makalio barabarani, kwa kuwa sasa mkia ulikuwa unaamriwa na mguu na mkono kwa wakati mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Akaunyang'anya mkono ile kazi, mkia ukabaki wa miguu peke yake.

"Sasa kanyaga ya kushoto mpaka mwisho. Achia. Ya kulia mpaka mwisho. Achia. Kompyuta inapima urefu wa mguu wako."

"Ikishapima itasemaje?"

"Itasema ni mguu mzuri," alijibu Mpole, akashtuka kusikia maneno yale yametoka kinywani mwake. Kule kwenye sofa shangazi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Ndivyo mambo yalivyoanza. Jumatatu alipiga simu kuuliza pedeli zinaendeleaje. "Zinakusalimu," aliambiwa. Jumanne akapiga kuuliza jostiki. Jumatano mfamasia akapiga yeye, akasema vifaa vyote ni vizima ila mwenye vifaa anajisikia mpweke, fundi ana dawa gani?

"Mfamasia ni wewe, Kapteni."

"Dawa hii sina dukani."

Basi ikawa kila jioni akifunga kibanda anapitia pale. Akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, jambo ambalo mafundi wenzake walilijadili kwa kina. Alijifunza naye. Alijua sasa kwamba ndege ndogo ya injini moja, ukiipa nguvu zote ili iruke, pua yake inavutwa kushoto, na rubani lazima aishikilie kwa mguu wa kulia, kidogo kidogo, mpaka iwe angani. Mguu ule wa kulia ndio uliomtesa mpenzi wake. Ama alichelewa kuukanyaga, ama aliukanyaga kwa hasira. Ndege iliingia majanini kila mara.

Siku kumi kabla ya mtihani wake wa urubani, aliingia majanini mara kumi na moja mfululizo. Alisukuma kiti, akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, akaenda jikoni kuchemsha maji. Mpole alibaki mbele ya skrini na moyo unamuuma kwelikweli. Na pale, chini kabisa kwenye ukurasa wa mipangilio, palikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa: msaada wa pedeli. Ukikitia alama, kompyuta inamkanyagia rubani.

Akakitia alama. Leo tu, alijiambia, apate kutabasamu.

Mfamasia akarudi, akaketi, akaipa ndege nguvu. Ndege ikanyooka kama rula, ikaruka. Alipiga ukelele, akamrukia Mpole shingoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na shangazi akapiga makofi kama abiria waliofika salama. Sasa niambie wewe, katika hali ile, mwanamume angeanzaje kueleza habari za kisanduku?

Hakueleza. Hakueleza kesho yake, wala kesho kutwa. Kila siku simu ililia: "Laazizi, leo mara kumi na nne, sijakosea hata moja." Naye akijibu, "Hongera, kipenzi," akakata simu upesi. Alijaribu kuanza mara mbili. Mara zote mbili alisikia furaha ile kwenye simu, akauliza habari za shangazi.

Njia ya muongo ni fupi, na hii ilikuwa ya siku kumi. Siku ya mtihani, kwenye ndege ya kweli, mfamasia alitoa nguvu zote na miguu yake ikakaa kimya ikisubiri kusaidiwa. Pua ikaenda kushoto. Mkaguzi aliyeketi kando yake akamnyang'anya ndege wakiwa wameshagusa majani. Hakuna aliyeumia. Ilibaki nafasi moja, wiki mbili mbele, na sheria ya shule yao ilikuwa wazi: ukishindwa mara mbili, unarudi darasani mwaka mzima upya.

Mpole alimkuta sebuleni amevaa bado sare yake ya mwanafunzi, shati jeupe na suruali ya buluu, anachomoa nyaya.

"Vichukue vitu hivi," mfamasia alisema. "Nimejidanganya muda mrefu. Miguu yangu si ya rubani."

"Usiache."

"Mara zote zile nilinyoosha hapa, Mpole. Zaidi ya mia. Halafu kule nikawa kama sijawahi kukanyaga pedeli. Maana yake kichwa changu kina kasoro."

Angeweza kunyamaza. Angepata mke asiyeruka, anayemwamini. Lakini alimtazama akijilaumu kwa kosa ambalo si lake, akashindwa kulibeba. Akarudisha waya, akafungua ukurasa wa mipangilio, akamwonyesha kisanduku.

"Niliwasha mimi. Siku ile uliyolia. Hukuwa unakanyaga wewe, ilikuwa kompyuta."

Shangazi alivua miwani.

"Siku kumi," mfamasia alisema. "Nakupigia nikishangilia, na wewe unaniambia hongera."

"Sikutaka uumie."

"Hukuamini kama ningeweza. Ungeamini, ungeniacha nikosee mara ya kumi na mbili."

"Si hivyo, mpenzi..."

"Nenda, tafadhali."

Alikwenda. Alipiga simu siku nne, haikupokelewa. Kibandani aliunganisha waya wa spika kwenye pasi, akaomba radhi kwa mteja, akaunganisha tena vilevile. Jirani yake akamwambia, "Ndugu yangu, nenda kamwombe msamaha, utatuunguzia jengo." Mpole alijibu kwamba msamaha ameshauomba kwenye meseji kumi na saba, na neno limeshachakaa. Kitu alichompokonya yule mwanamke ni kujua mwenyewe nini ni chake na nini si chake. Akitaka kumrudishia, amrudishie hicho.

Akachukua daftari, akaandika kila kitu kwa herufi kubwa. Mstari wa kwanza, namna ya kuzipima pedeli. Wa pili, namna ya kuhakikisha mkia haupokei amri kutoka kwenye jostiki. Akaendelea hivyo mpaka wa tisa: kisanduku cha msaada kilipo, na namna ya kukikagua kila siku kabla hujaketi. Chini akaandika, "Ukiwa na hii, humhitaji fundi yeyote, hata mimi." Akampa shangazi daftari lile mlangoni, akaondoka bila kuketi.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, kibanda kimejaa watu, simu ikalia.

"Mstari wa sita umekosea," sauti ilisema.

Mpole akaweka kichomeo chini. "Wa sita?"

"Umeandika pedeli zisome kinyume. Nikifuata hivyo, nikitaka kulia naenda kushoto. Unataka kumuua shangazi?"

"Futa mstari huo."

"Nimeshaufuta. Nimerekebisha kila kitu mwenyewe. Nimekupigia nikwambie tu kwamba nimeona."

Wateja walimwona fundi akiugeukia ukuta. Alikuwa analia, na hakuona haya.

"Jumapili njoo," mfamasia aliendelea. "Ila utakaa kwenye sofa na shangazi. Mikono chini ya mapaja."

Alikwenda, akakalia mikono. Mfamasia aliingia majanini mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi akamnong'oneza Mpole, "Vumilia, baba, na mimi ni abiria mwenzio." Mara ya saba ndege iliyumba, ikapepesuka, mguu wa kulia ukaiwahi, ikaruka kwa taabu. Haikunyooka kama ile ya kisanduku. Mpole hakuwahi kuona urukaji mzuri kama ule, na alimwambia hivyo, na safari hii hakuwa na cha kuficha.

Siku ya mtihani wa pili yeye na shangazi walisimama nje ya uzio wa kiwanja, shangazi na kitambaa chekundu ili aonekane kutoka juu. Ndege ndogo nyeupe ikaanza kukimbia. Pua ikaelekea kushoto kidogo. Mpole alijikuta anakanyaga ardhi kwa kiatu cha kulia, kwa nguvu zake zote, mpaka shangazi akamwambia aiache miguu ya watu. Pua ikarudi katikati. Ikabaki hapo mpaka magurudumu yakaachana na lami.

Mfamasia alitoka ofisini kwa mkaguzi nusu saa baada ya kutua, jasho mgongoni, karatasi mkononi, meno yote nje. Mpole alikuwa amepanga kusubiri mpaka Jumamosi, mahali tulivu, na shati jipya. Mdomo ukamtangulia.

"Nioe... yaani, nataka kukuoa. Kama unataka. Ukikataa, utakuwa umekataa, sitagusa kitu."

Mfamasia akamtazama, na Mpole akaificha mikono mgongoni, kama siku ile ya sofa.

"Shangazi," mfamasia aliita, bila kumwondolea macho, "kuna mtu yeyote amenisaidia kufikiri hapa?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi nimenyamaza, japo ninateseka."

"Basi nimekubali," alisema, "na nimekubali mwenyewe."