Katuni Isiyofutwa

Nyumba ilianza kunuka siki, na siki yenyewe haimo ndani. Mke wa fundi alinusa sufuria, akanusa ndoo, mwisho akamnusa na mumewe.

"Ni mikanda," fundi akasema. "Filamu kuukuu ikioza hunuka hivyo."

"Basi ikaozee kwa mwenyewe, Baba Kidoti."

Fundi alikuwa akitengeneza filamu za jumba la sinema lililofungwa. Asubuhi ile mezani kwake palikuwa na katuni fupi ya zamani sana, ya enzi ambazo picha hazijajua kusema. Mwisho wake ulikuwa umeota ukungu. Aliinua kipande kile dirishani akatazama: mkono wa mtu umeshika kitambaa, unakifuta kijitu cheusi. Akakikata, akakitupa motoni pamoja na takataka. Mkia wa mkanda ukioza hukatwa, kazi ndiyo hiyo, na fundi huyu mkasi wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake.

Kisha akashusha pazia, akawasha mashine, akamwita bintiye aje waione wote.

Waliochora katuni hizo hawakuwa na haya. Birika linakata kiuno. Treni inakaa kitako kufuta jasho. Mzee anavua kofia, kichwa kinatoka nayo, naye anaendelea kusalimia watu. Katikati ya vituko hivyo, mkono wa mchoraji ulikuwa umechora kijitu chenye macho kama visahani, mikono na miguu laini kama mpira wa kumwagilia maji, hakina kiwiko wala goti. Kidoti alicheka mpaka akashika mbavu. Picha ikakatika kijitu kimesimama, kimeacha kucheza, kinawatazama.

Wakati wa kula, Kidoti alicheka tena. Mdomo ulifunguka, mabega yakatikisika, sauti haikutoka.

"Cheka kama watu," mama yake akamwambia. "Unaachama kama samaki!"

Mtoto akanyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa upande wa pili wa meza, na mkono ukaenda, ukapita sahani, ukapita jagi, ukajipinda polepole kuzunguka bega la baba yake bila kukunjika popote, huku miguu ya meza ikianza kuyumba kushoto na kulia kwa mdundo ambao hakuna aliyeusikia, na ile harufu ya siki ikapanda hadi machozi yakawatoka, na Kidoti bado anacheka, bado kimya, macho yake yakizidi kuwa meusi na ya mviringo.

Mganga aliyeletwa alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimshika mtoto mkono, akaupapasa toka bega hadi kidole.

"Nani kamchezesha jini huyu?"

"Ni picha tu, bibi," fundi akanong'ona.

"Mwanao hana kiwiko, unaniambia picha tu? Jini huyu alifungwa kwenye mchoro kwa sharti: achezeshwe, kisha afutwe. Nyie mmemwita, hamkumuaga. Aliyemchora yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Basi mkono wa kumfuta utakuwa wako. Lakini atakaposhika, hatapaachia."

"Na nisipofanya?"

"Utabaki na katuni. Mtoto hutakuwa naye."

Pazia likashushwa, mashine ikawashwa. Fundi alisimama kwenye mwanga na kitambaa kibichi, akafuta ukuta palipo na kijitu. Kikakimbia, akakifuata. Ukafutika mguu, ukafutika mwingine, na kwenye mapaja ya mama yake Kidoti akazidi kuwa mwepesi, mpaka mama akaanza kuona khanga yake kupitia kifua cha mtoto.

"Baba Kidoti, acha! Unamfuta mwanangu!"

"Usiache!" mganga akafoka.

Fundi akafumba macho, akakandamiza kitambaa kwenye yale macho mawili. Kitu laini na baridi kikamzunguka kifundo cha mkono, kikakaza. Kidoti akapiga ukelele uliosikika nyumba ya nne, na haikuwahi kutokea kelele tamu kama ile.

Mkanda ulichomwa. Kidoti alirudiwa na viwiko, na sauti pia, anaitumia kupita kiasi. Mkono wa kulia wa fundi ndio uliobaki na dosari: hauna sauti. Akipiga nyundo, kimya. Akibisha hodi kwake mwenyewe, hafunguliwi. Kila akilala mkewe huufunga kwenye chaga ya kitanda, kwa sababu usingizini vidole huchorachora juu ya shuka.

Juzi waliamka fundo limefunguka. Ukutani, juu ya mto wa Kidoti, palichorwa macho mawili, na wino ulikuwa haujakauka.

"Futa!" mkewe akasema. "Futa kabla mtoto hajaamka!"

Fundi akachukua kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaudaka.